Boneti ya Beetle Isikufungukie Njiani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaendesha Volkswagen Beetle ya 1972, gari dogo la mviringo lenye injini nyuma, aliyoniachia marehemu baba. Ni gari la Tanga, limeishi na hewa ya chumvi maisha yake yote. Siku boneti yake iliponifungukia barabarani niliapa kwamba nitaijua loki ya gari hili kama ninavyoijua kufuli ya nyumba yangu. Haya ndiyo maswali ambayo wenye magari ya zamani wananiuliza mara nyingi, gereji, msikitini, hata kwenye foleni ya petroli. Mengi yanahusu Beetle kwa sababu ndiyo niliyoishika kwa mikono. Wenye Land Rover na magari mengine, yenu yapo kuelekea mwisho.

Boneti inafungukaje njiani, na mimi niliifunga mwenyewe?

Mara nyingi hukuifunga, uliilaza tu.

Boneti ya mbele ya Beetle ina vizuizi viwili. Cha kwanza ni pini nene iliyo upande wa chini wa boneti, usawa wa kishikio cha nje. Ukishusha boneti, pini inaingia kwenye tundu la loki iliyo kwenye bodi, mbele ya tairi la spea, na bamba dogo linalosukumwa na springi linaikamata shingoni. Kizuizi cha pili ni ndoano ya usalama iliyo kando ya pini hiyo hiyo. Ndoano ina kazi moja: pini ikiachia, boneti iinuke upana wa kidole hivi, ikwame hapo.

Sasa tazama kinachotokea. Unashusha boneti, unasikia mlio, unaondoka. Lakini mlio ule ulikuwa wa ndoano, pini haijakamatwa. Kwa mtu aliyesimama pembeni boneti inaonekana imefungwa. Ukianza kwenda, inacheza juu ya ndoano peke yake, inagonga kwenye kila rasta na kila shimo, mpaka ndoano iliyochoka inainama au inateleza. Au ndoano haifanyi kazi miaka mingi na hakuna aliyejua, kwa kuwa pini ilikuwa inabeba mzigo wote. Siku pini inapoachia, hakuna kinachobaki.

Kwa nini upepo una nguvu kiasi hicho? Ni bati tu.

Kwa sababu bawaba za boneti ya Beetle ziko nyuma, chini ya kioo cha mbele, na mdomo wake unatazama upepo. Ukiinuka kidogo hewa inaingia chini yake, na kadiri unavyoinuka ndivyo hewa inavyopata pa kushika.

Hesabu yake haina ugumu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa hewa unaongezeka mara nne. Usawa wa bahari, gari likienda kilomita 50 kwa saa, hewa inasukuma bamba lililosimama mbele yake kwa takriban uzito wa kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Likifika kilomita 100 kwa saa, zinakuwa karibu kilo 50. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka mjini wiki nzima na boneti iliyolegea asione kitu, kisha akaingia barabara kuu na ndani ya dakika kumi bati liko juu ya kioo.

Halafu kuna mabasi. Basi likija mbele yako kwa kasi linasukuma ukuta wa hewa, na gari dogo la mviringo kama Beetle linayumba. Boneti inapata kofi la ghafla kutoka upande ambao haikuutegemea. Mimi yangu ilifunguka hivyo, basi lilipopita.

Ilikuwaje?

Gari lilikuwa limetoka kupakwa rangi. Mafundi walifungua kila kitu, wakapiga rangi nzuri kweli, wakarudisha. Springi ndogo ya ndoano haikurudi, na pini ilikuwa imekazwa ikiwa imepinda kidogo, inashika ukingo wa tundu badala ya kuingia katikati. Mimi niliangalia rangi. Loki sikuigusa.

Nilikuwa natoka Segera kwenda Muheza, kilomita 80 kwa saa, mwanangu wa miaka tisa ameketi kiti cha mbele. Basi likatupita. Sauti niliyoisikia ilikuwa kama mlango wa chuma uliopigwa teke, kisha mbele yangu hapakuwa na barabara, palikuwa na rangi nyekundu tupu. Tulisimama kwenye majani kando ya shamba la mkonge. Kioo kimepasuka, paa limebonyea juu ya vichwa vyetu, bawaba ya kushoto imejikunja. Mtoto hakuumia. Boneti ile ilikuwa ya kiwandani, imedumu tangu baba aliponunua gari, na haikunyooka tena. Ikiwa kuna jambo moja nataka ulichukue kwenye majibu yote haya, ni hili: kagua ndoano kabla ya kukagua kitu kingine chochote.

Nitajuaje kama ndoano inafanya kazi?

Dakika mbili zinatosha. Gari limesimama, injini imezimwa. Vuta kishikio cha ndani. Kwenye Beetle nyingine kiko chini ya dashibodi, nyingine kiko ndani ya kisanduku cha dashibodi. Boneti itaruka juu kidogo. Usiiguse ndoano. Shika mdomo wa boneti kwa mikono miwili, kulia na kushoto kwa kishikio cha nje, unyanyue kwa nguvu kama mtu anayetaka kuifungua kwa lazima. Inatakiwa ikukatalie kabisa. Itingishe kulia na kushoto huku unavuta. Bado ikatae.

Ikifunguka, usiendeshe gari hilo, hata kama pini inashika vizuri.

Ikikataa, sasa ifungue kwa kuachia ndoano. Zile za zamani unaingiza kidole chini ya kishikio. Beetle za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zina kitufe cha kubonyeza kwenye kishikio cha nje chenyewe. Boneti ikiwa wazi, sukuma ndoano kwa kidole na uiachie. Inatakiwa irudi yenyewe, haraka, kwa nguvu ya springi. Ikirudi taratibu, au ikabaki ulipoiacha, ni rangi iliyogandia, ni kutu, au springi imekufa. Rangi inakwanguliwa na kutu inasuguliwa. Springi iliyokufa inabadilishwa, haivutwi kwa koleo ili irudi ujana.

Tazama pia ncha ya ndoano na mhimili wake. Ncha ikiwa imelika ikawa mviringo, itateleza siku ya shida. Mhimili ukiwa umelegea kiasi cha ndoano kuyumba pembeni, itakosa pa kushika.

Kwa hiyo Beetle iliundwa vibaya?

Hapana, na hili nalitetea kwa moyo wote. Beetle ilishinda mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na tope ambalo leo wengi wetu tusingelithubutu. Kiwanda cha mwisho kuitengeneza, Puebla nchini Mexico, kilitoa Beetle ya mwisho tarehe 30 Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutengenezwa duniani. Loki mbovu isingevumilika kwa wingi huo.

Marekani ilianza kuzitaka gari ndogo zote ziwe na kizuizi cha pili kwenye boneti ya namna hii mwezi Januari 1969. Ni boneti zile ambazo zikifunguka zinamziba dereva macho. Beetle ilikuwa na ndoano yake tayari. Tatizo letu ni umri. Chuma kilichofanya kazi zaidi ya miaka 50, kikafunguliwa na mafundi kumi tofauti, kikapigwa puti na rangi mara nne, si kile kilichotoka kiwandani.

Boneti yangu inafunga, lakini inagongagonga nikiwa kwenye barabara mbovu. Nifanyeje?

Pini imekuwa ndefu mno au mpira wa pembeni umekufa, au yote mawili. Anza na mpira, kwa kuwa unaonekana kwa macho. Ukiwa umekauka, umepasuka, au umebonyea ukawa bapa, boneti haina kitu cha kuisukuma juu ili pini ibane. Inabaki inaelea.

Pini inarekebishwa hivi. Fungua boneti, itazame pini kutoka chini. Ina nati ya kuizuia isizunguke, na ncha yake ina mkato wa bisibisi. Legeza nati kwa spana, kisha zungusha pini kwa bisibisi. Ukiifupisha, boneti itavutwa chini zaidi ikifungwa. Ukiirefusha, itakaa juu zaidi. Zungusha nusu mzunguko tu, kaza nati kwa mkono, funga boneti, angalia. Rudia. Ukifika mahali ambapo boneti iko sawa na mabawa ya pande zote mbili na haichezi ukiibonyeza kwa kiganja, kaza nati kwa spana huku bisibisi ikishikilia pini isizunguke.

Watu wengi wanapenda kuifupisha pini mpaka mwisho ili boneti ibane kabisa. Huko ni kujiumiza. Pini fupi mno inahitaji boneti ipigwe kwa nguvu ndipo ikamatwe, na siku utakapoifunga kwa mkono mwepesi itabaki juu ya ndoano. Loki nzuri inafunga kwa msukumo wa kiganja karibu na kishikio, na mlio wake ni mmoja, mzito.

Kisha hakikisha pini inaingia katikati ya tundu. Paka grisi kidogo sana kwenye ncha, shusha boneti mpaka iguse tu, inyanyue, utazame alama ilipobaki. Ikiwa pembeni, legeza bolti za loki na uisogeze. Loki ikifika mwisho wa kusogezwa na bado haitoshi, kilichohama ni boneti yenyewe. Hapo unarudi kwenye bawaba. Kila bawaba imeshika boneti kwa bolti mbili za spana namba 13. Bawaba usiishughulikie peke yako. Mtu wa pili ashike upande wa pili, la sivyo kona ya boneti itachimba rangi karibu na kioo.

Nimebadilisha kebo, na tangu hapo boneti wakati mwingine haikamatwi. Kwa nini?

Kebo imekazwa mno. Kwenye loki, kebo inabanwa na skrubu ndogo. Fundi akiivuta ikanyooka kama uzi wa gitaa kabla ya kukaza skrubu ile, bamba la loki linabaki limevutwa nusu, halirudi mwisho. Linashika ukingo mwembamba tu wa shingo ya pini. Unafunga boneti, inakaa, unaendesha siku tatu, ya nne inaachia.

Acha ulegevu mdogo, kiasi cha milimita chache. Kishikio cha ndani kikianza kuvutwa kiwe na mwendo mtupu kidogo kabla hujahisi uzito wa springi.

Kosa la pili, ndugu wa hilo, ni kebo isiyorudi. Unavuta kishikio, unafungua, unafunga, lakini kebo imekwama kwenye ganda lake kwa kutu, na bamba limebaki wazi. Kila baada ya kufunga boneti, sukuma kishikio cha ndani mpaka mwisho. Kisiporudi chenyewe, kebo inaomba mafuta au inaomba kubadilishwa.

Kebo imekatika na boneti imefungwa. Nimekwama.

Kwanza tulia, na usilete nondo ya kubandulia. Nimeona midomo ya boneti iliyoharibiwa hivyo na haikurudi kuwa kama ilivyokuwa.

Ikiwa imekatikia karibu na kishikio cha ndani, ingiza plaizi, bana waya uliobaki, uvute. Mtu wa pili aibonyeze boneti chini karibu na kishikio cha nje wakati huo huo. Mbinu hii inasaidia hata pale kebo ni nzima lakini ngumu, kwa sababu boneti ikibonyezwa pini inaacha kulilalia bamba la loki, na bamba linateleza kwa urahisi.

Ikiwa imekatikia kwenye loki yenyewe, hiyo ni kazi ya fundi wa bodi anayeijua Beetle. Lakini wewe mwenye gari msimamie kwa jambo moja: tangi la petroli liko chini ya boneti hiyo hiyo, na linabeba lita 40 hivi. Asilete mashine ya kukatia chuma inayotoa cheche, asilete moto wa kuchomelea. Nimewahi kumwondoa fundi aliyekuja na mashine mkononi, na sikujali alikasirika kiasi gani.

Ukishaifungua, weka kebo mpya, na ongeza waya mwembamba wa chuma wa akiba kwenye bamba la loki, uupitishe mahali unapoweza kuufikia bila kufungua boneti. Mahali hapo usimwambie kila mtu.

Nimeweka mpira mpya na boneti haitaki kufunga. Niipige?

Usiipige. Mpira mpya ni mnene na bado mgumu. Irefushe pini kidogo, funga boneti, acha gari juani siku mbili tatu, mpira ukilainika ifupishe tena. Na ukiisukuma, sukuma karibu na kishikio. Katikati ya boneti bati ni laini, viganja vinaacha mabonde ambayo yakishaingia hayatoki bila fundi na puti.

Fundi anasema tufunge kwa waya, mambo yaishe. Ni sawa?

Kwa kukufikisha nyumbani, sawa. Pitisha waya wa chuma au mkanda imara kutoka kwenye kishikio cha boneti hadi kwenye bampa au braketi yake, mara mbili, uukaze usiwe na ulegevu hata kidogo. Kamba ya manila si nzuri, inanyooka. Kamba ya mpira ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inairuhusu boneti iinuke na upepo uingie. Kisha nenda kwa kilomita 40 kwa saa, pembeni, na usipite barabara kuu ikiwa kuna njia nyingine.

Lakini kuna magari ninayoyafahamu ambayo waya umekaa miaka miwili. Mwenye gari ameshazoea, na kila akitaka kuangalia mafuta ya breki au kutoa tairi la spea anaukata na kufunga mwingine. Mwishowe anaacha kuangalia mafuta ya breki. Hapo waya umeshaleta hatari ya pili.

Grisi au mafuta mepesi?

Kwenye kebo, matone ya mafuta mepesi. Kwenye ncha ya pini, bamba na mhimili wa ndoano, grisi kidogo mno, ya kufuta kwa kidole. Ukiishi kwenye vumbi, jua kwamba grisi nyingi hukusanya mchanga, na mchanga ndani ya grisi ni msasa. Ifute yote kila baada ya miezi mitatu, upake upya.

Sisi wa pwani na kutu?

Hapa ndipo kwenye kazi. Tanga, Mombasa, Dar, Unguja, hewa ya chumvi inakula boneti kuanzia ndani ya mdomo wake wa chini, pale bati lilipokunjwa mara mbili. Maji yanaingia kwenye mkunjo, hayatoki. Sehemu inayoshika pini na ndoano imejengwa hapo hapo. Kwa hiyo unaweza kuwa na pini nzuri, ndoano nzuri, springi mpya, vyote vimeshikwa na bati lililobaki jembamba kama ganda la yai.

Gonga mdomo wa boneti kwa ndani, polepole, kwa mpini wa bisibisi. Bati zima lina sauti kavu, kali. Bati lililooza au lililojazwa puti linaitikia kwa sauti nzito, iliyokufa. Shika kipande kinachobeba pini ukitingishe kwa vidole. Kikitembea hata kidogo huku bati la boneti limetulia, kuna ufa au uchomeleaji umeachia. Tazama pia mahali loki ya chini ilipofungwa kwenye bodi, maana chombo cha tairi la spea kinakusanya maji na kuoza kutoka chini.

Dawa ni kukata bati bovu na kuchomelea jipya, boneti ikiwa imetolewa kwenye gari na kupelekwa mbali na tangi. Puti haishiki loki. Baada ya hapo paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya mkunjo, na zibua matundu ya kutolea maji yaliyo chini. Mimi baada ya kila mvua kubwa nafungua boneti nusu saa, ikauke.

Nimepata boneti ya Beetle nyingine. Itaingia kwangu?

Inategemea miaka. Beetle za kuanzia modeli ya 1968 zina boneti fupi kuliko za nyuma yake, na loki yake inakaa mahali tofauti. Halafu toleo la Beetle liitwalo 1302, lililotoka mwaka 1970, na 1303 lililolifuata, yana pua pana na ndefu zaidi, na boneti yake haiingii kwenye Beetle za kawaida. Ukimwona muuzaji wa spea anakuapia kwamba boneti ni boneti, mwombe akupe futi ya kupimia.

Ukibadilisha boneti, hamisha pini na ndoano zilizokuwa zinapatana na loki yako, au nunua loki ya juu na ya chini kwa pamoja.

Je, niweke pini za nje kama za magari ya mashindano?

Mimi siweki kwenye gari la baba, na sababu ni kwamba sitaki kutoboa boneti. Lakini kwa usalama ni kitu kizuri, hasa kama loki yako ya asili haipatikani tena au unakwenda safari ndefu za vumbi. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zinataka gari la mashindano liwe na vifungo vya ziada visivyopungua viwili kwenye boneti, na loki ya asili iondolewe au izimwe, ili waokoaji waifungue kutoka nje bila kutafuta kishikio cha ndani.

Ukiamua, weka mbili, kulia na kushoto, karibu na mdomo wa mbele. Ziwe za chuma, na zishikwe kwenye sehemu ngumu ya bodi, si kwenye bati tupu. Klipu zake zifunge kwa waya mwembamba zisipotee. Ila tofauti na gari la mashindano, gari la mtaani lisizimwe ndoano yake, maana mtu anaweza kusahau klipu.

Mikanda ya ngozi ni mizuri kwa macho. Ngozi hunyooka ikilowa na hukauka ikapasuka, kwa hiyo ukiitumia ihesabu kuwa msaidizi wa loki.

Ikifunguka nikiwa kwenye mwendo, nifanye nini sekunde hiyo?

Ondoa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki ghafla, kwa kuwa aliye nyuma yako hajui kinachokupata na wewe humwoni aliye mbele yako. Usukani ushike ulivyokuwa, barabara uliyoiona sekunde moja iliyopita bado iko pale pale. Inama utazame mwanya ulio chini, kati ya boneti na ukingo wa kioo. Kwenye magari mengi mwanya huo upo na unaonyesha barabara. Usipokuwepo, toa kichwa kidogo dirishani. Washa taa za dharura, punguza mwendo kwa breki nyepesi, toka nje ya barabara.

Ukisimama, abiria watoke upande usio na magari, na reflekta ya pembetatu iwekwe mbali nyuma. Boneti usiirudishe kwa nguvu, bawaba zitakuwa zimepinda na kona zake zitachana bati chini ya kioo. Ifunge kwa waya kama ilivyo kabla usiku haujakukuta, au fungua bolti nne za bawaba uiweke ndani ya gari.

Mimi nina Land Rover ya zamani. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, na wewe una mzigo wa ziada ikiwa tairi la spea limelala juu ya boneti. Uzito ule unasaidia boneti isipeperuke, lakini kwenye barabara ya mawimbi unapiga juu na chini maelfu ya mara, unalegeza kifungo cha mbele na kula bawaba. Kagua mipira inayopokea boneti, kagua nati zinazoshika tairi, na kagua kifungo cha mbele kwa jaribio lile lile la mikono miwili.

Kuna magari yaliyoepuka shida hii tangu kuundwa kwake. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari 1971 na 1973, bawaba zake ziko mbele. Upepo unaifunga badala ya kuifungua. BMW 2002 ni hivyo hivyo. Wenye magari hayo wana bahati, mpaka siku watakapoyapakia kwenye lori.

Kwenye lori kuna nini?

Gari likipakiwa kinyumenyume, pua ikitazama nyuma ya lori, kila kitu kinageuka. Boneti yenye bawaba mbele sasa mdomo wake unatazama upepo. Kwenye Beetle, mfuniko wa injini ulio nyuma una bawaba juu na mdomo chini, nao ukitazama mbele ya lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa unaweza kunyanyuka. Pakia gari likitazama mbele, au funga mifuniko yote kwa mkanda.

Na wale wanaoacha mfuniko wa injini wazi kidogo ili ipoe?

Sikubaliani nao. Injini ya Beetle inavuta hewa baridi kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, na chumba chake kimezibwa kwa mabati na mipira ili hewa ya moto ya chini isipande. Ukiuacha mdomo wazi unakaribisha hewa ile ile uliyotaka kuikimbia, na unabaki na mfuniko uliolegea. Injini ikichemka, tafuta mabati yaliyopotea.

Nikague kila baada ya muda gani?

Jaribio la ndoano, kila mwezi na kabla ya kila safari ya kutoka mjini. Springi, kebo na nati ya pini, kila miezi mitatu unapofuta grisi. Na kila mara gari linapotoka mikononi mwa mtu mwingine, iwe kwa rangi, taa au breki, vuta kishikio cha ndani mbele yake, shika mdomo wa boneti kwa mikono miwili, uinyanyue kabla hujamlipa.